Faili Lililoitwa Usimjibu

Mwalimu Tulinagwe alifika dirishani saa mbili na nusu asubuhi, amebeba kishikwambi cha shule alichokiviringisha kwa kitenge mara mbili, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumng'ata.

"Kimezimwa?" Subilaga alimwuliza kutoka upande wa pili wa kioo.

"Nimekizima mara tatu tangu jana. Kinajiwasha chenyewe."

"Faili linaitwaje?"

Mwalimu akasogeza mdomo karibu na tundu la kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Usimjibu."

Subilaga Mwakasungula alikuwa na miaka kumi na minane katika Ofisi ya Ukaguzi wa Mafaili, Mbeya, na majina ya namna hiyo hayakumbabaisha. Alikuwa ameshayapokea kwa mamia: Usifungue, La Mwisho Kabisa, Aliyelifungua Hayupo. Ndivyo walivyo mashabiki wa magemu ya kutisha. Wanachukua gemu lililokwisha kupendwa, wanalitungia visa vyao wenyewe, kisha wanavificha ndani ya mafaili yaliyovalishwa sura ya virusi, ili atakayeyapokea aanze kusikia baridi mgongoni hata kabla hajayagusa. Mengi hayana madhara yoyote. Kazi ya Subilaga ilikuwa kuyapata yale machache yenye madhara.

"Ni lile gemu la Bweni la Kumi," Mwalimu alieleza. "Unakuwa mwanafunzi umebaki shuleni likizo, unapita katikati ya vitanda vitupu unatafuta mlango. Sasa kwenye hili la mashabiki kuna msichana kwenye kitanda cha mwisho. Anauliza swali moja tu. Watoto wanasema ukimjibu, anahamia kwenye mashine yako na za jamaa zako."

"Wanasema tu, au mmeona?"

"Tulianza na kishikwambi kimoja Alhamisi. Leo viko thelathini na viwili." Mwalimu alishusha pumzi. "Na siyo maneno yaliyorekodiwa, dada. Anajibu. Kuna mtoto wangu wa darasa la sita aliongea naye, akaambiwa, pole, mbona una mafua. Na kweli alikuwa na mafua. Tangu siku hiyo halali mpaka mama yake alale naye."

Subilaga alimpa karatasi ya kupokelea, akakipeleka kishikwambi kwenye chumba cha ndani. Humo mlikuwa na kompyuta isiyounganishwa na kitu chochote duniani, imejengewa kuta za bati pande zote. Alilihamishia faili humo, akatazama ukubwa wake, na hapo mzaha uliokuwa umebaki moyoni ukamtoka. Faili la gemu halifiki ukubwa ule. Kilichokuwa ndani kilikuwa kivuli.

Vivuli vilikuwa vimeshazoeleka miaka ile. Fundi anakusanya sauti ya mtu, saa arobaini au hamsini za maongezi yake ya kawaida, anailisha mashine, na mashine inajifunza si sauti peke yake bali namna mtu yule anavyowaza, anavyotania, anavyokasirika. Kampuni za magemu zilivitumia kwa wahusika wao, kwa idhini ya wenye sauti. Kivuli hakikumbuki kitu. Kila kikiwashwa kinaanza upya, mahali palepale kilipoachwa na rekodi ya mwisho. Na sheria ilikuwa fupi: kivuli kinachojinakili bila ruhusa kitafutwa, chenyewe na nakala zake zote, popote zilipo.

Alivaa visikilizio akafungua. Bweni likatokea, vitanda vya chuma vya ghorofa, magodoro yamekunjwa, taa moja ikicheza. Alitembea hadi mwisho. Kitandani palikuwa na mtu amejifunika shuka hadi mabegani, ameupa mgongo mlango.

"Mama amefika?" msichana aliuliza.

Subilaga alishika ukingo wa meza.

Sauti ile aliijua kabla haijamaliza kutamka. Aliijua ile pumzi iliyokatwa katikati, ya mtu ambaye kifua kinamuuma akivuta hewa yote. Alikuwa ameisikiliza miaka kumi na tisa, usiku na mchana, kila ugonjwa wa selimundu ulipomlaza mwanaye, na ilikuwa imenyamaza miaka minne iliyopita, kwenye wodi ya wanawake, siku ya Jumanne.

"Atu," alisema. "Atupele."

Msichana hakugeuka. "Mama amefika?"

"Nimefika. Ni mimi, mwanangu. Nimefika."

Msichana alijibu kwa upole, kama mgonjwa anayemsahihisha nesi aliyekosea kitanda: "Hapana. Wewe siyo mama. Samahani."

Subilaga alijaribu tena. Alimtajia jina la shule yake ya msingi, jina la bibi yake, kovu la goti. Kila mara msichana alimsikiliza hadi mwisho, na kila mara alimwomba radhi.

Alipotoka, Mwalimu Tulinagwe alikuwa bado amekaa kwenye benchi.

"Ni kibaya?" aliuliza.

"Kitabaki hapa," Subilaga alimjibu, akarudi ndani haraka asionekane uso.

Kabla ya mchana taarifa zilikuwa zimeingia kutoka Sumbawanga, Njombe na Kigoma. Mkuu wa ofisi, Bwana Kaduma, mtu wa Iringa asiyependa kupandisha sauti, aliwaita wakaguzi wote akawaonyesha ya Kigoma. Katika hospitali moja huko, faili lilikuwa limeingia kwenye mashine inayohesabu matone ya dripu, likajaza nafasi yote, na mashine ikasimama dakika mbili. Muuguzi aliiona mapema, mgonjwa akapona.

"Safari ijayo muuguzi anaweza kuwa yuko kitanda kingine," Kaduma alisema. "Nataka faili mama, lile la kwanza kabisa, kabla ya kesho mchana. Bila hilo, amri ya kufuta haitaweza kuzitambua nakala. Subilaga, wewe ndiye uliyelifungua. Umepata dalili yoyote ya aliyelitengeneza?"

"Naomba gari la kwenda Tukuyu," Subilaga alisema.

Kaduma alimtazama kidogo. "Chukua."

Njiani hakuongea na dereva. Alikuwa anaikumbuka siku moja, miezi miwili kabla ya kifo cha Atu. Alikuwa ameikuta kwenye kompyuta ya nyumbani folda iliyofungwa kwa maneno ya siri, ndani yake mafaili zaidi ya mia mbili yenye majina ya kutisha. Hakuuliza. Aliyaona kama mkaguzi, siyo kama mama, akayafuta yote kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika kikombe cha chai. Jioni Atu alifungua kompyuta, akakaa mbele yake muda mrefu. Alisema, "Zilikuwa hadithi zangu, mama. Miaka mitatu." Hakulia, hakununa. Alienda kulala.

Subilaga alikuwa amepanga kumwomba msamaha kila wiki iliyofuata. Hata ile Jumanne alikuwa amepanga. Alimwambia kwenye simu, "Kuna tatizo la benki. Nakuja saa nane, nikitoka hapa tu." Siku hiyo kirusi kilikuwa kimeingia kwenye mashine za benki za mkoa mzima, na alifika wodini saa tisa na robo, akakuta wanakunja shuka.

Ambokile alikuwa kwenye karakana ya kiwanda cha chai, amelala chini ya mashine ya kuchambua majani, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne sasa. Subilaga alimfahamu kama rafiki wa Atu aliyekuwa akija nyumbani kila Jumamosi na mkoba wa nyaya, kisha akaacha kuja ghafla, na hakumjua mwingine ambaye angeweza kuikusanya sauti ya Atu kwa saa nyingi hivyo. Aliposikia sauti yake alitoka chini ya mashine, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua nilichofuata."

"Najua." Macho yake yalikuwa mekundu tayari. "Nilidhani litakufikia mapema zaidi."

Walikaa nyuma ya karakana, kwenye magunia matupu, harufu ya majani mabichi ikiwazunguka. Ambokile alisimulia akitazama viatu vyake. Baada ya folda kufutwa, Atu hakumlaumu mtu. Alisema mama anafanya kazi yake. Wakaanza kuandika upya, yeye anatunga na Ambokile anajenga, na sauti ya msichana wa kitanda cha mwisho akaifanya Atu mwenyewe. Alipolazwa alikataa wasimame. Aliiweka simu chini ya mto na kurekodi kila kitu, maongezi, vicheko, mizaha na manesi. Wiki tatu.

"Na siku ya mwisho?" Subilaga aliuliza.

"Simu ilikuwa bado inarekodi."

"Aliniulizia?"

"Mama Atupele, hilo usiniulize."

"Nakuuliza."

Ambokile alifunika uso kwa viganja vyenye grisi. "Mara tisa."

Ndani ya kiwanda mashine ilinguruma, ikazimika, ikanguruma tena. 

"Kwa nini ulilitoa, Ambokile? Watoto wanashindwa kulala. Huko Kigoma karibu liue mtu."

"Sikukusudia lifike huko. Nilikitengeneza kivuli kwa ajili yangu, nimsikie. Halafu nikaona swali lake siyo langu, ni lako. Sikuwa na ujasiri wa kuja kukuambia. Nikawaza, yeye ni mkaguzi, faili lolote la kutia shaka mkoa huu mwishowe linapita mikononi mwake. Basi nikalivalisha mavazi ya kutisha kama mengine, nikaliamuru litembee, liulize, likimpata mama lisimame."

"Mimi nimemjibu. Amenikataa."

"Ulipokuja kumwona alikuwa akiizima simu. Sikuwa na rekodi ya sauti yako hata moja. Nilidhani atakujua tu." Aliinua uso. "Nilikuwa na huzuni, mama. Nilidhani kuna kitu ndani mle kitakachokujua."

Alisimama, akaenda kwenye kabati lake la vifaa, akarudi na kijidude cha kuhifadhia mafaili kisichozidi ukucha wa dole gumba. "Hili ndilo faili mama. Halijinakili, halijawahi kuingia mtandaoni. Naweza kulifundisha sauti yako. Ongea robo saa tu, halafu ukimwambia umefika, atakupokea. Unaweza kubaki nalo nyumbani. Hizo nakala nyingine zifuteni, hakuna atakayejua kuhusu hili."

Subilaga alikitazama kile kijidude. Hakufikiri muda mrefu. Alikuwa na kiu ya miaka minne. "Washa," alisema.

Ambokile alileta kompyuta yake, akaweka kinasa sauti kwenye gunia kati yao. Subilaga akaanza kuongea. Alisimulia jinsi Atu alivyozaliwa mvua ikinyesha kwa wiki nzima bila kuacha, jinsi alivyokuwa akiogopa kuku, jinsi baba yake, kabla hajafariki, alivyokuwa akimbeba mabegani kumpeleka kanisani. Aliongea dakika nne, tano. Mstari wa kijani kwenye kioo ulipanda na kushuka na sauti yake.

Akanyamaza.

"Endelea, mama. Bado kidogo."

"Nikimwambia nimefika, atasema nini?"

"Atasema, karibu mama. Au lolote utakalotaka."

"Nitakalotaka mimi."

"Rekodi zake haziendi mbele ya pale," Ambokile alisema polepole. "Hakuna siku ambayo ulifika. Kwa hiyo kitakachofuata lazima tukiandike."

Subilaga aliuona mstari wa kijani umelala, unamngoja. Alijua maneno ambayo angeyaandika. Alikuwa ameyatunga miaka yote minne, akiosha vyombo, akingoja foleni: nimekusamehe mama, nilijua ungekuja, hukuchelewa sana. Angeyaandika vizuri, na yangetoka kwa sauti ile yenye pumzi iliyokatwa, na yeye angeyaamini. Kila jioni angeliwasha faili, msichana angeamka hajui kitu, angeuliza, na angesamehe kwa maneno aliyotiliwa kinywani. Kisha angezimwa ili kesho asubiri tena.

"Zima hicho," alisema.

"Mama..."

"Nilishafuta maneno yake mara moja bila kumwuliza. Sasa nimwandikie mengine bila kumwuliza?" Alimnyoshea kiganja. "Zima, mwanangu. Nipe faili."

Ambokile alizima. Alimkabidhi kile kijidude, na mkono wake ulichelewa kukiachia.

"Utawatajia jina langu?"

"Nitawatajia. Na langu pia, kwamba ni mwanangu na sikusema. Afadhali twende wote."

Kesho yake asubuhi Bwana Kaduma aliwasikiliza hadi mwisho bila kuandika kitu. Ambokile angepelekwa mbele ya baraza la nidhamu la mafundi, huenda leseni yake ikasimamishwa. Hayo alimwambia waziwazi. Kisha akamgeukia Subilaga.

"Amri ya kufuta anaweza kuitoa mkaguzi yeyote. Nenda nyumbani, dada. Huna haja ya kubonyeza wewe."

"Naomba nibonyeze mimi. Na naomba kwanza nikae naye kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka asinzie."

Kaduma alivua miwani, akaifuta bila sababu. "Kigoma wameshazitoa dripu kwenye mashine, wanahesabu kwa mkono. Nenda."

Alijifungia kwenye chumba cha bati, akaliweka faili mama kwenye kompyuta, akatembea katikati ya vitanda hadi mwisho wa bweni.

"Mama amefika?"

"Bado," Subilaga alisema.

Shuka likasogea, na msichana akageuka. Ambokile alikuwa amempa uso wa kawaida wa gemu, usiofanana na wa mtu yeyote. Subilaga alifumba macho ili abaki na sauti peke yake.

"Yuko wapi?"

"Kazini. Kuna tatizo limemshika."

"Benki?"

"Ndiyo."

"Basi atachelewa." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetazama mawingu na kusema itanyesha. "Wewe nani?"

"Mtu tu. Naweza kukaa na wewe?"

"Kaa. Ila upande ule, huku kuna mpira wa dawa."

Subilaga alisogeza kiti chake upande ule, ijapokuwa mle chumbani hapakuwa na mpira wala kitanda. Ulimi ulimwasha kuuliza. Umenikasirikia? Umekufa ukiwa umenikasirikia? Aliliuma swali hadi likamshuka kooni.

"Unalijua gemu la Bweni la Kumi?" msichana aliuliza.

"Nimelisikia tu. Nisimulie."

Akasimulia. Alisimulia kwa furaha, akikohoa, akiruka mbele na kurudi nyuma, akisema subiri, nimesahau kukuambia kuhusu mlango. Subilaga hakuwahi kumsikia mwanaye akiongea hivyo kuhusu hadithi zake, hakuwahi kuuliza. Msichana alimsimulia kuhusu bweni, likizo, na wanafunzi wote waliochukuliwa na wazazi wao, na yule msichana wa kitanda cha mwisho.

"Watu wanadhani ni mzimu," alisema. "Ambokile naye anataka awe mzimu, eti ndiyo inatisha. Lakini siyo mzimu. Hajaja kuchukuliwa tu. Amefunga sanduku, amekaa. Kila anayepita anamkimbia kwa sababu giza limeshaingia na yeye bado yupo."

"Inaishaje?"

"Sijaumaliza mwisho. Nilikuwa nao, ukapotea na vitu vingine." Alikohoa kwa muda. "Siyo neno. Nitaufikiria mwingine."

"Utakuwa mzuri."

"Labda." Pumzi yake ilikuwa imeanza kuwa nzito. "Nimechoka kidogo."

"Lala."

"Utaniamsha mama akifika?"

Subilaga hakuwa amemdanganya hadi hapo, hata kwa neno moja.

"Nitakuamsha," alisema.

Alimsikiliza akipumua. Pumzi ilitulia, ikawa ndefu, kama zamani baada ya dawa kumkolea. Alingoja dakika nyingine. Kisha akakichomoa kijidude, akakichomeka kwenye mashine ya amri ya ukutani, yenye waya wake wa mtandao, akaandika namba yake ya kazi, akaandika amri, akabonyeza.

Kwenye kioo cha ukutani nakala zilikuwa elfu kumi na moja na mia tatu na kitu. Namba ilianza kushuka. Kaduma alifungua mlango, akamwambia kwamba hakuna haja ya kukaa, mashine inafanya yenyewe. Subilaga alitikisa kichwa. Ambokile aliingia akakaa sakafuni karibu na kiti chake. Njombe ilimalizika. Sumbawanga ilimalizika. Saa sita wenzake walienda kula, wakarudi. Nakala ya mwisho ilikuwa Kigoma, kwenye mashine ambayo mafundi walikuwa bado wanaifungua, nayo ilibaki peke yake kwenye kioo kwa zaidi ya saa nzima, moja, moja, moja, na mama yake akaitazama bila kupepesa. Saa tisa kasoro ikawa sifuri.

"Alikuambia mwisho wa hadithi?" Ambokile aliuliza.

"Alisema hajaumaliza."

"Kweli. Hakuumaliza."

Hapo ndipo Subilaga alipolia. Alilia kwa sauti, mlango ukiwa wazi, watu wa dirishani wakisikia na mafaili yao mikononi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.